Bandari Yetu na Mabega ya Makuli



Zamani majahazi yalikuja Mombasa na kaskazi, yakarudi Arabuni na Bara Hindi kwa kusi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vyuma viliteremshwa Kilindini. Na mwaka 1926 zikafunguliwa gati za maji marefu. Kahawa ya Kenya na pamba ya Uganda zilipita mabegani mwa makuli, wengi wao vibarua wa kutwa.

Walidaije haki? Januari 1947 mji mzima uligoma. Machi 1955 makuli wakagoma tena, Tom Mboya akawasemea, na mishahara ikapanda.

Leo mashine hunyanyua makontena. Lakini mashine haimdai tajiri mshahara wako. Hiyo ni kazi ya chama. Basi lipeni ada, hudhurieni mikutano. Umoja ni nguvu.