UHURU WA MTU MMOJA NA KAZI YA SERIKALI

(Maneno ya mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya uhuru. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, na kazi yangu ni ya mataruma na reli. Lakini jambo hili limekwisha ingia katika chama chetu, na yafaa tulizungumze kabla hatujapiga kura. Wako wenzetu wasemao hivi: "Mimi sikujiunga na chama. Mbona nikatwe pesa katika mshahara wangu? Huo ni uhuru gani?" Swali hili ni la haki. Tusilijibu kwa matusi.

Wako watu ulimwenguni wafundishao ya kuwa mtu ni mali yake mwenyewe. Mwili wake ni wake na jasho lake ni lake. Serikali, wasema wao, ina kazi chache tu: kumzuia mwizi na muuaji, kuhukumu mapatano yaliyovunjwa, na kulinda nchi. Ikizidi hapo imeingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Mwingereza mmoja, John Stuart Mill, alitoa kitabu juu ya uhuru mwaka 1859. Alifundisha kwamba mtu mzima alazimishwe kwa sababu moja tu, yaani asije akawadhuru wengine. Kumlazimisha eti kwa faida yake mwenyewe, haifai.

Bwana huyu alifanya kazi miaka mingi katika ile Kampuni iliyotawala Bara Hindi, na katika kitabu hicho hicho aliandika kuwa kanuni yake haiwahusu watu wa nchi alizoziona kuwa nyuma. Baba zetu hawakuhesabiwa. Hata hivyo kanuni njema haiharibiki kwa kuwa aliyeiandika aliwafungia wengine mlango. Na tuichukue, tuipime kwa mambo yaliyotupata sisi.

Tuanze na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikatiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika tangu miaka 16 alilazimishwa kuwa nacho. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, tajiri aliyemwandika na mshahara aliopewa. Wengi walikitia katika kikebe cha chuma wakakivaa shingoni. Wakikuyu wakakiita kwa jina la kengele ya mbuzi. Mtu hakuweza kuacha kazi akaenda zake, maana tajiri asipotia sahihi ya kumfungua, yule mtu alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la kupelekwa kortini. Harry Thuku alipoyapinga hayo alikamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, na watu waliokusanyika kumtaka afunguliwe wakapigwa risasi mjini Nairobi. Sheria ile haikuondolewa mpaka miaka ya baada ya Vita ya pili.

Basi waiogopao serikali wana sababu. Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa muungano wa vyama vya wafanya kazi, walikamatwa, na Makhan Singh akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1961. Wala tusiseme hayo yalikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1965 serikali yetu wenyewe iliyafuta katika daftari mashirika mawili makubwa ya wafanya kazi, ikaweka COTU mahali pake, na Rais akapewa uwezo wa kumteua katibu mkuu katika majina matatu aliyoletewa. Mwaka 1966 ikatungwa sheria ya usalama iliyowezesha mtu kuwekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Mkono uliobadilika rangi waweza kushika fimbo ile ile.

Lakini ndugu zangu, hapa ndipo niachanapo na wale walimu wa uhuru. Wao humwona mtawala mmoja tu, naye ni serikali. Sisi twamjua na wa pili. Nani aliyetaka kipande? Masetla walikipigania ili vibarua wasikimbie mshahara mdogo. Fimbo ilikuwa ya serikali, lakini faida ilikuwa ya tajiri.

Waambiwa kwamba mshahara ni mapatano ya watu wawili walio huru. Haya, mtazame mtu wa gengi amesimama peke yake mbele ya meza ya tajiri, na nje ya lango wako kumi wenye njaa wanaongoja nafasi yake. Tajiri akikosa mtu mmoja, kazi yake haisimami. Mtu akikosa kazi, watoto wake hawali. Uhuru wa kusema "sitaki" wahitaji unga nyumbani. Adam Smith mwenyewe, ambaye watetezi wa biashara huru humpenda sana, aliandika mwaka 1776 ya kuwa matajiri hupatana kimya kimya wasipandishe mishahara. Baadaye Uingereza ikatunga sheria, mwaka 1799 na 1800, za kuwakataza wafanya kazi kuungana, na hazikufutwa mpaka mwaka 1824.

Kwa hiyo nasema chama ni tunda la uhuru wa mtu mmoja mmoja. Kila mmoja kwa hiari yake amechukua sauti yake ndogo akaiunga na ya mwenzake. Wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli, walipogoma Januari 1947, hakuna sheria iliyowaamuru. Waliamua wenyewe.

Kazi ya serikali naifananisha na kibanda cha signali. Signali haimwambii abiria aende wapi. Kazi yake ni kuzuia magari yasigongane. Na yule ashikaye mikono ya signali naye amefungwa: vyuma vilivyo chini ya sakafu havimwachi afungue njia mbili ziletazo ajali, hata akitaka. Katiba ndiyo vyuma hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa mfanya kazi haki ya kuwa na chama na haki ya kugoma. Kifungu cha 36 chakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama cho chote. Vifungu vyote viwili ni vyetu. Hatuwezi kushika kile kinachotupendeza na kukiruka kile kinachotubana.

Sasa nirudi kwa yule anayeuliza. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yaruhusu asiye mwanachama akatwe ada, ikiwa anafaidi mapatano ambayo chama kilifanya na tajiri. Naona ni haki, kwa sababu nyongeza ile anaipokea, na kuipata kuligharimu. Mgeni aliyekula chakula cha chama cha mazishi huchangia sufuria. Lakini haki hiyo ina mpaka wake, nami naleta mambo matatu mpige kura.

La kwanza, ye yote asitishwe wala kutukanwa ili ajiunge. Atie sahihi kwa mkono wake, akiisha kusomewa masharti.

La pili, ada ya asiye mwanachama isipite gharama ya mapatano. Hesabu yake isomwe hapa mkutanoni, naye aruhusiwe kuisikiliza. Pesa yake isitumiwe kwa siasa ya mtu.

La tatu, mwanachama akijiuzulu kwa barua, Katibu aipokee siku ile ile. Chama kinachoficha barua za watu kimejifanya tajiri wa pili.

Wako watakaosema tutapoteza wanachama. Huenda wachache wakatoka. Lakini siku ya kugoma, mtu aliyeburutwa ndiye wa kwanza kurudi kazini, na aliyekuja mwenyewe atasimama langoni na mvua ikinyesha.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyo nayo. Mwenye kuyapinga na asimame, tumsikilize mpaka mwisho.