Kamba ya Ubao wa Kafi, Baharini na Mtoni

Kamba inayomfunga mpiga kafi na ubao wake wa kusimamia hukadiriwa kwa urefu wa ubao wenyewe. Kwenye mawimbi, ubao wa futi 10 huchukua kamba ya futi 10, yaani mita 3 hivi, au inayozidi kidogo. Ikiwa fupi, hurudisha ubao kwa kishindo kichwani pa aliyeanguka. Ikiwa ndefu mno, hujisokota miguuni, na ubao ulioponyoka huwafikia waogeleaji wa mbali.

Ndani ya mwamba wa matumbawe, kama Diani, maji hutulia, na kamba iliyojikunja mithili ya waya wa simu za zamani hutosha. Isiachwe, hata hivyo: upepo hupeperusha ubao mtupu upesi kuliko mtu anavyoogelea.

Kwa wakazi wa Ruiru na Thika, maji ya karibu ni ya mito: Ruiru, Chania, Thika, na Athi inayoporomoka pale Fourteen Falls. Hapa kamba inayofungwa kwenye kifundo cha mguu, mlinzi wa baharini, hugeuka mtego. Ikinasa kwenye kisiki au jiwe, mkondo humlaza mtu chini ya maji, na mkono hauwezi kukifikia kifundo. Kwenye maji yanayokwenda, kamba huunganishwa na mshipi wa kiunoni wenye kifyatuo, unaovaliwa juu ya jaketi la kuokolea na kufunguka kwa mvuto mmoja. Kifyatuo hujaribiwa ukingoni kabla ya kuingia majini, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto.