Baba ya mbegu ya ngazi
(Maneno yenye tulisema mbele ya mukutano wa wanachama, Kisangani)



Kwenye mukutano uliopita wamoja kati yetu walileta wazo: feza ya kasha ianzishe pepinieri ya ngazi, na mbegu tuokote bure chini ya ile miti mizuri ya tenera yenye iko ngambo. Mbele ya kukata neno, tuangalie kwanza mbegu inazaliwa namna gani.

Muti wa ngazi uko na maua dume na maua jike, lakini yanafuatana kwa zamu. Kwa hiyo mara nyingi ua jike linapata vumbi ya maua, ile vitabu vinaita chavua, kutoka muti mwengine. Upepo unaleta, wadudu wadogo wanaleta zaidi. Wanataga mayai katika maua dume. Ua jike nalo linatoa harufu ya kuwavuta, wanaingia na vumbi kwenye mwili. Kule Malaysia wafanyakazi walikuwa wanatia vumbi kwa mukono, mupaka walipeleka wadudu hao kutoka Kameruni mwaka 1981.

Vumbi ikifika, inaota kamuzizi mupaka kwenye yai ndani ya ua. Pale mutoto anaanza, nusu ya mama, nusu ya baba. Kisha miezi 5 ao 6 matunda yanaiva.

Sasa sikieni vizuri. Ukipasua kokwa, lile ganda ni mwili wa mama. Mutoto iko ndani ya kiini. Ganda jembamba halituambie baba ni nani.

Jambo hilo lilifunguliwa hapa kwetu, Yangambi, karibu kilometa 100 ukishuka muto. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walilieleza. Dura iko na ganda nene. Pisifera haina ganda, na mara mingi matunda yake yanaoza bila kuiva. Ukiunganisha hizo mbili, watoto wote ni tenera: ganda jembamba, nyama mingi, mafuta mingi. Lakini tenera kwa tenera, katika mbegu 4, karibu 2 ni tenera, 1 dura, 1 pisifera.

Tuhesabu. Kwenye shamba la tenera tupu, miche 100 ya kuokota itatoa karibu 25 ya pisifera. Tutajua kisha miaka 3 ao 4 ya kulima na kupalilia. Sisi wenye tulishaanza upya mara moja, miaka ile tutaitoa wapi?

Kwa hiyo tunaomba: feza ya kasha isiguse mbegu ya kuokota. Mbegu ya kweli, wanafunika ua la dura na mufuko mbele lifunguke, kisha wanatia vumbi ya pisifera. Kazi hiyo ndiyo inapandisha bei. Afazali miti 50 yenye tunajua wazazi wake. Mwenye kutuuzia atuonyeshe karatasi ya mama na baba.

Mupunga, maharagi na karanga, ua linajizalisha lenyewe mara mingi. Mbegu yetu inatosha, tuchague bora. Muhindi unapokea vumbi ya upepo: mbegu tuitoe katikati ya shamba, mbali na muhindi wa jirani.

Mukutano ndio utakata neno.