Tulipoitoa Mashine Tukarudi kwenye Tanga

(Maneno yaliyosemwa na wenye mashua mbele ya mkutano wa wavuvi, Mtongwe, Likoni)

Tumeombwa tueleze kwa nini mashua yetu siku hizi haina mashine. Wengine wanasema tumefilisika. Hawakukosea sana, lakini si hivyo tu.

Mashine yetu ya dizeli, ile ya kukaa ndani ya chombo, ilikuwa kuukuu tangu tulipoinunua. Kila mwezi ilidai kipuri. Siku ya samaki wachache, pesa yote iliishia kwenye dizeli, baharia akarudi kwake na kitoweo tu. Tukakaa chini tukaulizana: je, tunavua, au tunailisha mashine?

Tukaamua kuitoa. Lakini jamani, si kufungua nati na kutupa. Kuna mambo manne.

Kwanza ni mafuta. Tulikinga oili na dizeli yote kwenye madebe, kisha tukaifuta ngama kwa matambara. Msimwage baharini. Mafuta huua mikoko, na kwenye mizizi yake ndiko wanakokulia kamba na samaki wadogo.

Pili ni tundu la shafti. Hapo ndipo penye hatari. Tulikipandisha chombo pwani siku za bamvu, na maji yalipokupwa tukachomoa rafadha na shafti. Fundi akaziba tundu kwa mti mgumu, akakalafati kwa pamba, kisha akapigilia ubao ndani na nje. Tambara na lami peke yake hazitoshi.

Tatu ni uzito. Kumbe ile mashine ndiyo iliyokuwa farumi yetu! Ilipotoka, shetri iliinuka na chombo kikawa kinayumba. Ukitweka tanga juu ya chombo chepesi namna hiyo, utapinduka. Tulipanga mawe chini katikati, karibu na mkuku, tukayabana kwa mbao yasiviringike.

Nne ni sisi wenyewe. Vijana wetu walijua kuwasha mashine, hawakujua kubisha. Ilibidi mzee mmoja akae nao siku nyingi, awafunze foromali na demani. Asiyejua kushika demani asitoe mashine.

Hata hivyo, wiki ya kwanza tulionja. Tulitoka alfajiri kwa umande, na maji ya kupwa yanatusukuma. Kabla ya kufika Likoni upepo ukafa. Mkondo ukatubeba kuelekea kwenye kivuko, feri hiyo inakuja, na tanga limelala. Tulipiga makasia mpaka tukafika maji madogo, tukatia nanga, mikono yatetemeka. Tangu siku ile makasia manne na nanga viko tayari kila safari, na upepo ukiwa haba hatukisogelei kivuko. Meli kubwa za Kilindini nazo haziwezi kukukwepa. Ni wewe wa kuzipisha.

Sasa twatoka maji yakipwa, twarudi yakijaa. Kujaa ni kama saa sita, kupwa vilevile, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Basi twauliza mwezi kabla ya kuuliza bei ya dizeli. Kusi likichacha, mwezi wa Juni na Julai, siku nyingine hatutoki kabisa. Na mwenye mashine nzuri hutupita, samaki wake wakafika sokoni mapema. Hatutaki kuwadanganya.

Kwa hiyo hatusemi kila mtu aitoe. Mashine nzima ni msaada mkubwa, hasa kwa anayevua mbali. Tunasema piga hesabu ya mwezi mzima, si ya siku moja uliyopata. Ukiona mashine inakula kuliko watoto wako, tanga lipo. Sisi tumepata nyavu mpya, na deni la dizeli limekwisha.