Mtoto Akilazwa Hospitali, Baba Yuko Wapi?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi letu, Nairobi)



Leo hatukusimama kusema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya watoto wetu wanapolazwa hospitali, maana jambo hili nalo ni la kazi.

Mwaka jana mtoto wa mwenzetu anayekaa Kawangware alizaliwa kabla ya siku zake, akalazwa pamoja na mama yake. Kila jioni mwenzetu alipomaliza zamu alikimbilia matatu, akafika hospitali saa ya kutazama wagonjwa imekwisha kupita. Siku nne alisimama mlangoni na chupa ya chai, akarudi nayo. Siku ya tano mwenzake alimshikia zamu, ndipo akaingia akamwona mtoto wake.

Wengine husema, "Waganga wako, baba akafanye nini?" Ndugu, kazi iko nyingi. Mtoto kama huyo hulishwa maziwa ya mama kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku wa manane. Tena hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Njia hii huitwa ya kangaruu. Ilianza Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kutia watoto joto hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto akae hivyo muda wa saa 8 hata 24 kila siku. Hebu hesabuni. Mama aliye peke yake ataoga saa ngapi, na atalala saa ngapi? Kifua cha baba nacho kina joto.

Na mtoto mkubwa kidogo, anayeharisha au kukohoa, yataka mtu wa kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, na kumwita nesi upesi akiona pumzi zake zinakwenda mbio. Nesi mmoja ana vitanda vingi.

Zamani hata Uingereza wazazi walifungiwa nje. Mwaka 1952 Bwana James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 mbali na mama yake, na watu waliona huzuni yake wazi. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ilishauri wazazi wasizuiwe kuwatazama watoto wao, na mama za watoto wadogo walale huko. Kwetu mama hukaa na mtoto wodini, na hilo ni jema. Anayebaki nje ni baba.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutupa livu ya siku 21 kwa mwaka, na wiki mbili mke anapojifungua. Lakini mtoto aliyezaliwa hajatimia aweza kukaa wodini zaidi ya wiki hizo.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kamati yetu itie katika mapatano siku chache za kumwuguza mtoto aliyelazwa. Pili, wenye hospitali waombwe baba aruhusiwe kuingia baada ya zamu, anawe mikono, aonyeshwe kazi. Tatu, sisi wenyewe tushikiane zamu. Na tukiingia wodini tusikae kama wageni: tuulize dawa ni ya nini, na hutolewa saa ngapi.

Yule mtoto wa Kawangware sasa anatambaa. Baba yake ndiye yule aliyeketi nyuma.