Bomba Likivuja Nyumbani: Maji Yako, Bili Yako
(Maneno ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa baraza la wakazi)



Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za maji. Bomba likipasuka barabarani, tupigieni ripoti. Lakini maji yakishapita mita yako yamehesabiwa, na yakimwagika utayalipia. Uniti 1 ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Jipime usiku huu. Funga mifereji yote, hakikisha tangi la choo limejaa, kisha andika namba za mita. Rudi baada ya saa 2. Zikiwa zimesonga na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panapovuja.

Leo nataka tuzungumzie hasa mabomba ya shaba, ambayo bado yamo katika nyumba nyingi za zamani, zaidi upande wa maji moto. Dalili ya kwanza huwa ni doa la kijani kwenye kiungo. Usilipake rangi, hapo ndipo tone litatokea.

Ukiona yanavuja, zima kwanza hita ya maji kwenye swichi kuu, ndipo ufunge koki. Kisha fungua mfereji wa chini kabisa ili maji yaliyobaki yatoke. Ukingojea fundi, zungusha kipande cha tyubu ya baiskeli penye tundu na ukikaze kwa klipu ya chuma. Hiyo ni huduma ya kwanza, si tiba.

Fundi akifika, mwulize mambo matatu.

Kwanza, atatumia moto? Kulehemu kunataka bomba kavu, kwa maana maji yakibaki ndani kiungo hakipati joto la kutosha na kitavuja tena. Chini ya dari ya mbao, moto ni hatari. Mwambie atumie kiungo cha kukazwa kwa spana, hakihitaji moto.

Pili, waya wa kulehemia una risasi? Risasi ni sumu, na inawadhuru watoto zaidi. Kwa bomba la maji ya kunywa, dai waya usio na risasi.

Tatu, anaunganisha shaba na nini? Shaba ikishikana moja kwa moja na bomba la chuma, penye maji chuma ndicho kinacholika. Utarekebisha leo, na baada ya muda pale pale patatoboka.

Tena, kama waya wa athi wa umeme umefungwa kwenye bomba hilo, usikubali likatwe kabla fundi wa umeme hajafika. Hapo ni suala la uhai.

Wapangaji, mwarifuni mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na picha ya mita. Wenye nyumba, msingoje dari ianguke. Maji tunayopata kwa zamu hayafai kupotelea ukutani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.