Jiografia Huanzia Mlangoni Kwetu

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, wazazi na walezi, Kaisho



Walimu wa Jiografia wameniomba nilitambulishe somo lao kwenu. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa lipo swali ninalolisikia mara kwa mara kwa wazazi: mtoto wa mkulima atafaidika nini kwa kuchora ramani na kukariri majina ya milima ya mbali?

Naomba nianze na nyumba zenu. Mzee aliyezaliwa hapa Kaisho zaidi ya miaka hamsini iliyopita alizaliwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, Wilaya ya Karagwe. Mwaka 1979 mkoa huo ukapewa jina la Kagera. Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ikatengwa na Karagwe. Mzee huyo hakuhama, wala shamba lake halikusogea. Kilichobadilika ni ramani. Pamoja na ramani yalibadilika pia makao makuu ya wilaya anakofuata huduma. Ramani, basi, si picha ya ukutani tu. Inagusa maisha yetu.

Tutazame pia Mto Kagera. Unatutenganisha na Rwanda upande wa magharibi, kisha unageuka kuelekea mashariki, na pale Murongo ng'ambo yake ni Kikagati, nchini Uganda. Huu ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na maji yake huendelea hadi Mto Naili. Lakini mpaka wetu na Uganda haufuati mto huu mpaka ziwani. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kutumia mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta, na hivyo ikabaki ardhi yetu kaskazini ya mto, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia ardhi hiyo na kutangaza kwamba mto ndio mpaka. Daraja la Kyaka likavunjwa, na Taifa likaingia vitani. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka vita hiyo kuliko kitabu chochote. Mtoto anayejifunza latitudo darasani anajifunza pia kwa nini vita hiyo ilipiganiwa hapo.

Sasa niseme watoto watafanya nini. Kwanza, watasoma ramani. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Watajifunza kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Mkulima mwenye migomba kilimani anahitaji elimu hiyo hiyo, kwa sababu matuta yanayokata mteremko hupunguza kasi ya maji, ilhali yale yanayoshuka nao huyasaidia maji kubeba udongo hadi bondeni.

Pili, watapima mvua. Milimita 1 ya mvua katika eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa lililofunika mita za mraba 50, ikinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, ukiacha kiasi kinachopotea njiani. Binti anayeamka alfajiri kwenda kisimani aipige hesabu hiyo, kisha familia ikae pamoja na kuzungumza juu ya mfereji wa bati na tangi.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo nina maombi matatu.

La kwanza linahusu lugha. Katika shule ya msingi mtoto alilisoma somo hili kwa Kiswahili. Sasa atalisoma kwa Kiingereza. Wapo wenye akili nzuri wanaokaa kimya darasani kwa sababu ya lugha tu, na kimya hicho huonekana kama uzembe. Jioni mwombe mtoto akueleze alichofundishwa, kwa Kiswahili au kwa Kinyambo. Kitu alichokielewa vyema kwa lugha ya nyumbani kitamwia rahisi zaidi kukitamka kwa lugha ya mtihani.

La pili ni mafunzo ya nje. Walimu watakapowapeleka wanafunzi mlimani au mtoni, tusidhani wanapoteza muda. Watoto waruhusiwe, na wasichana wasibakizwe nyumbani.

La tatu ni mahudhurio. Msimu wa kahawa una kazi nyingi, nami nalijua hilo. Hata hivyo, anayekosa wiki mbili za kusoma ramani hukuta wenzake wamefika mbali, na swali la ramani kwenye mtihani halimsubiri.

Kwenu wanafunzi: msione aibu kuwauliza wazee. Waulizeni chemchemi ipi ilikuwa haikauki zamani na sasa inakauka, mvua za vuli zilikuwa zikianza lini, na msitu uliishia wapi. Andikeni majibu pamoja na tarehe. Mwalimu atawafundisha namna ya kupima. Wazee wanazo kumbukumbu za miaka ambayo hakuna aliyepima. Mkiviunganisha viwili hivyo, mtakuwa mmeianza kazi ya mwanajiografia.

Mzazi aliyeuliza faida ya somo hili sasa anaweza kumuuliza mwanawe kila Ijumaa jioni: wiki hii umejifunza nini kuhusu mahali tunapoishi?